LENGO LA MWOMBAJI KAZI

Mazungumzo kwa watafutao kazi, mjini na mashambani



Kila mwaka vijana wengi humaliza masomo katika shule na vyuo vya Kenya, na wengi wao huanza safari ile ile: kutafuta matangazo ya kazi gazetini au katika simu, kutengeneza karatasi ya wasifu, kuipeleka, kisha kungoja. Wengine hungoja miezi, wengine miaka. Wapo wakosao kazi kwa kuwa kazi zenyewe ni chache kuliko waziombao, na shida hiyo haiondolewi na ufundi wa kuandika. Lakini wapo pia wakosao kazi waliyoistahili, kwa sababu karatasi yao haikusema walichokuwa nacho. Mazungumzo haya yawahusu hao wa pili.

Jambo lenyewe ni dogo kwa kipimo cha wino. Ni ile mistari miwili au mitatu iandikwayo juu kabisa ya wasifu, chini ya jina na anwani, ambayo huitwa lengo. Sehemu nyingine za wasifu zaeleza yaliyopita: shule alizosoma mtu, vyeti alivyopata, kazi alizofanya, na majina ya watu wamjuao. Lengo peke yake ndilo litazamalo mbele. Lamwambia mwajiri mambo mawili: mtu huyu aomba kazi gani, na kwa nini kazi hiyo yamfaa yeye.

Mahali pake ndipo pazito. Mwajiri aliyetangaza nafasi moja aweza kupokea mamia ya karatasi, naye hana wakati wa kuzisoma zote tangu mwanzo hata mwisho. Hutupa jicho juu ya kila moja, akaamua kama ataendelea au ataiweka kando. Mistari ya kwanza ndiyo inayoonwa. Mtu aliyejaliwa ujuzi mwingi ukurasa wa pili, lakini mistari yake ya kwanza haina kitu, ni kama mwenye duka aliyeficha bidhaa zake nzuri nyuma ya pazia.

KARATASI ISEMAYO KWA NIABA YA MTU

Yafaa kukumbuka kwamba katika nchi hii mfanyakazi hakuwa na nafasi siku zote ya kujieleza mwenyewe kwa maandishi. Sheria ya kuandikisha wenyeji ilipitishwa mwaka 1915, na baada ya Vita Kuu ya kwanza ikaanza kutekelezwa. Kwa sheria hiyo kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa miaka 16 na zaidi alilazimishwa kuchukua kipande. Kipande kilikuwa na alama za vidole vyake, jina la mwajiri wake, mshahara, na tarehe za kuanza na kuacha kazi. Wengi walikivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Mtu ambaye mwajiri wake hakutia sahihi ya kumwachilia hakuweza kupata kazi kwingine kwa halali. Harry Thuku na wenzake walikipinga mwaka 1921 na 1922, na watu wengine wakaendelea kukipinga baada yao, hata sheria nyingine ya kuandikisha watu ilipotungwa mwaka 1947.

Tazameni basi tofauti iliyopo. Kipande kilikuwa karatasi iliyosema juu ya mfanyakazi, lakini maneno yake yaliandikwa na mtu mwingine. Wasifu wa leo huandikwa na mwombaji mwenyewe, na lengo ndiyo sehemu yake ambayo hakuna mwalimu, wala karani, wala mwajiri wa zamani awezaye kumjazia. Asiye na mjomba ofisini, asiye na wa kumpigia simu meneja, hapo ndipo apewapo nafasi ya kusema. Ni hasara kubwa mtu kupata nafasi hiyo kisha akaijaza maneno ya kuazima.

LENGO LA KUAZIMA

Maneno ya kuazima yajulikana na kila afisa aajiriye watu. Mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza kizito, na maana yake kwa Kiswahili ni hii: “Kupata kazi yenye changamoto katika shirika lenye sifa njema, ambamo nitaweza kutumia ujuzi wangu wote na kuendelea kikazi.” Sentensi hii imezunguka nchi nzima. Mmoja huipata kwa rafiki yake, rafiki aliipata kwa kaka yake, na kaka alipigiwa chapa na kijana wa saiba aliyekuwa nayo tayari ndani ya kompyuta, akibadilisha jina la juu tu kila apatapo mteja. Muuguzi anayo, fundi wa magari anayo, mhasibu anayo, na mpishi wa hoteli anayo.

Sentensi hiyo haina kosa la sarufi. Makosa yake ni mengine mawili. La kwanza, haimwelezi mtu ye yote. Njia ya kuipima ni nyepesi: mwombaji afute jina lake, aandike jina la jirani yake ambaye kazi yake ni nyingine kabisa. Ikiwa maneno yabaki kuwa kweli, basi hayakuwa yake tangu mwanzo. La pili, sentensi yote yasimulia yale ambayo mwombaji atayapokea: changamoto, sifa njema, maendeleo. Hakuna neno hata moja juu ya kile atakachokitoa.

Kosa hilo la pili ndilo kubwa zaidi. Mwajiri hatangazi nafasi kwa kuwahurumia wasio na kazi. Hutangaza kwa sababu ana shida yake: karani amestaafu, magari yameongezeka na madereva hawatoshi, vitabu vya hesabu vimechelewa, wagonjwa ni wengi kuliko wauguzi. Asomapo karatasi, atafuta mtu wa kumwondolea shida hiyo. Lengo jema ni jibu la haja ya mwajiri. Huo ndio msingi, na mengine yote yajengwa juu yake.

Msingi huo si mpya, wala si wa nchi moja. Yapata mwaka 1482, Leonardo da Vinci wa Florence, katika Italia, alitunga barua ya kujitambulisha kwa Ludovico Sforza, mtawala wa Milan. Ulimwengu wamkumbuka Leonardo kwa picha alizochora. Lakini nyakati hizo miji ya Italia ilikuwa ikipigana vita, na mtawala alihitaji wahandisi. Kwa hiyo Leonardo alitangulia kutaja madaraja mepesi yachukulikayo upesi, namna za kuondoa maji katika mahandaki ya ngome, mizinga, na magari ya vita yenye kufunikwa. Ujuzi wa kujenga majumba na kupitisha maji wakati wa amani aliutaja mwishoni, na uchoraji pamoja nao. Hakuacha kuwa mchoraji. Alijua tu kwamba mwenye kuajiri huanza kusikiliza pale shida yake itajwapo.

SEHEMU NNE ZA LENGO

Kabla ya kushika kalamu, mwombaji asome tangazo la kazi mara mbili, polepole. Apige mstari chini ya maneno yanayorudiwa, na chini ya kazi zitajwazo kwanza, kwa kuwa mara nyingi ndizo mwajiri azihitajizo zaidi. Kisha ajiulize maswali manne, na majibu yake yatakuwa sehemu nne za lengo.

Swali la kwanza: Mimi ni nani kwa kazi? Jibu liwe jina la kazi au elimu, pamoja na daraja lake. “Kijana mwenye bidii” si jibu. “Fundi bomba mwenye cheti cha majaribio ya ufundi” ni jibu. “Mhitimu wa stashahada ya uhasibu” ni jibu.

Swali la pili: Naomba kazi gani? Itajwe kwa jina lile lile lililo katika tangazo. Tangazo likisema “msimamizi wa bohari”, mwombaji asiandike “kazi ya ofisini” wala “kazi yo yote”. Aandikaye kwamba atafanya kazi yo yote hudhani amejiongezea nafasi, kumbe amezipunguza. Mwajiri hana nafasi iitwayo “yo yote”. Tena siku hizi kampuni kubwa hutumia programu za kompyuta kuchambua maombi kabla mtu hajayasoma. Programu hizo hutafuta maneno ya tangazo, na karatasi isiyo nayo yaweza kubaki bila kuonwa na jicho la mtu.

Swali la tatu: Nina ushahidi gani? Hapa huwekwa jambo moja au mawili yenye kuhesabika: miaka, idadi, kipimo, cheti. Namba moja ya kweli yashinda sifa tano. “Nimezoea hesabu” husahauliwa. “Nimeshika daftari la wateja 80 kwa miaka 2” hukumbukwa.

Swali la nne: Mwajiri atapata faida gani? Mwombaji ataje kwa maneno machache kitu kitakachokuwa bora kwa sababu yake: mali isipotee, mitambo isisimame, wagonjwa wahudumiwe kwa wakati, wateja warudi.

Majibu hayo yakiunganishwa, huwa sentensi moja au mbili, maneno kama 30 au 40. Yakizidi hapo, lengo limegeuka kuwa hadithi, na hadithi ina mahali pake katika barua ya kuomba kazi iambatanayo na wasifu.

Neno moja juu ya lugha. Kwa Katiba ya mwaka 2010 Kiswahili ni lugha ya taifa, na pamoja na Kiingereza ni lugha rasmi. Hata hivyo waajiri wengi hupokea wasifu kwa Kiingereza. Yafaa basi mwombaji alitunge lengo kwanza katika lugha aifikiriayo vizuri zaidi, kisha alihamishe. Mtu asiyeweza kumweleza mama yake kwa Kiswahili chepesi kazi aiombayo na sababu ya kuistahili, hataokolewa na maneno makubwa ya Kiingereza.

MIFANO MITATU

Kanuni bila mfano ni kama ramani bila njia. Ifuatayo ni mifano ya waombaji watatu wa namna ambazo huonekana kila siku.

Wa kwanza ni kijana aliyemaliza Kidato cha Nne. Aona tangazo la kiwanda cha maziwa kinachotafuta karani wa kupokea maziwa. Ajiambia kwamba hana ujuzi, kwa kuwa hajawahi kuajiriwa, na lengo lake la kwanza ni hili: “Kijana mchapakazi, natafuta kazi ili nisaidie familia yangu.” Lakini kijana huyo, tangu amalize shule, huamka saa kumi na moja kila alfajiri, akaenda kwenye kituo cha chama cha ushirika kijijini. Hapo hupima maziwa ya wakulima 60 kwa mizani, huyajaribu kwa kipima maziwa kuona kama yametiwa maji, na huandika kilo za kila mkulima daftarini. Hakuyahesabu hayo kuwa ujuzi kwa sababu hakupewa barua ya kuajiriwa. Lengo lake lingekuwa hivi:

“Mhitimu wa Kidato cha Nne, mwenye mazoea ya miaka 2 ya kupima, kujaribu na kuandika maziwa ya wakulima 60 kila siku katika kituo cha ushirika, aomba kazi ya karani wa kupokea maziwa, ili kiwanda kipokee maziwa safi na daftari lisilo na makosa.”

Hakuna uongo uliotiwa humo, wala hakuna sifa za kujipamba. Kijana ni yule yule. Tofauti ni kwamba sasa mwajiri aweza kumwona.

Wa pili ni fundi wa umeme mwenye cheti cha Daraja la Pili kutoka Mamlaka ya Taifa ya Mafunzo ya Viwandani, iitwayo NITA kwa kifupi. Amefanya kazi na makandarasi kwa miaka 4, akitia nyaya katika majengo na kutengeneza jenereta. Hospitali yatangaza nafasi ya fundi wa matengenezo. Angeweza kupeleka karatasi ile ile aliyoipeleka kwa makandarasi, nayo ingesema “nyaya za majengo” mara tatu. Lakini hospitali haijengi nyumba mpya. Hofu yake ni umeme kukatika mtu akiwa juu ya meza ya upasuaji. Basi lengo lake laandikwa hivi:

“Fundi wa umeme, mwenye cheti cha NITA Daraja la Pili na miaka 4 ya kutengeneza jenereta na nyaya za majengo, aomba kazi ya fundi wa matengenezo hospitalini, ili jenereta iwake mara umeme ukatikapo, na mitambo ya wodi isisimame.”

Siku akiomba kazi katika kiwanda cha chai, ataanza upya. Lengo halipigwi chapa mara moja likatumika kwa waajiri 20. Kila tangazo lina haja yake, na kila haja yataka jibu lake.

Wa tatu ni mama aliyerudi nyumbani baada ya miaka 3 ya kazi za ndani katika nchi ya Ghuba. Aona haya kuitaja kazi hiyo, na katika wasifu wake aacha miaka hiyo kuwa pengo. Hoteli moja ya pwani yatafuta msimamizi msaidizi wa usafi wa vyumba, nayo hupokea wageni kutoka nchi za Kiarabu. Yale anayoyaona haya ndiyo yale yatafutwayo. Aweza kuandika:

“Mtunza nyumba mwenye miaka 3 ya kusimamia usafi, nguo na mapishi katika nyumba ya watu 9 nchi za Ghuba, ajuaye Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu cha mazungumzo, aomba kazi ya msimamizi msaidizi wa usafi wa vyumba, ili kila mgeni apate chumba safi na wa kumsikiliza kwa lugha yake.”

Mfano huu wafundisha jambo ambalo wengi hulipuuza. Kazi ya mikono, kazi ya nyumbani, kazi ya shamba la baba, na kazi ya kujitolea kanisani au msikitini zote ni kazi. Kisemacho si cheo kilichokuwa juu ya mlango. Ni kile mtu alichokifanya, kwa kiasi gani, na kwa muda gani.

MAMBO YA KUEPUKA

La kwanza la kuepuka ni kilio. Wako waandikao kwamba wazazi wamefariki, kwamba wadogo zao hawana karo, kwamba wamehangaika miaka mitano. Mambo hayo ni ya kweli na ni mazito, wala si aibu. Lakini wasifu si mahali pake. Mwajiri mwema akiyasoma atasikitika, na masikitiko hayatamwonyesha kama mtu huyu aweza kazi. Aombaye kazi haombi sadaka. Analeta kitu cha kubadilishana na mshahara. Na asimame hivyo katika maandishi yake.

La pili ni majivuno. “Mimi ni bora kuliko wote, kiongozi wa kuzaliwa, mwaminifu kabisa, mwepesi wa kila jambo.” Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Uaminifu haujitangazi wenyewe. Mtu akiandika kwamba alikabidhiwa funguo za bohari kwa miaka 3 na hesabu ya kila mwisho wa mwaka haikupungua, msomaji atalitia neno “mwaminifu” mwenyewe, na litakuwa na nguvu zaidi kwa kuwa limetoka kwake.

La tatu, na la hatari kuliko yote, ni uongo. Mtu huongeza mwaka mmoja wa ujuzi, kisha cheti kimoja, akidhani hakuna atakayeuliza. Mwezi wa Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba ukaguzi wa vyeti katika ofisi za serikali ulikuwa umewagundua zaidi ya watu 2,000 wenye vyeti vya kughushi. Njia ya mwongo ni fupi. Kila neno la lengo litaulizwa siku ya mahojiano, na kila neno yafaa liwe na karatasi au mtu wa kulishuhudia. Hapa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yamsaidia mfanyakazi. Kifungu cha 51 chamlazimisha mwajiri kumpa aachaye kazi hati ya utumishi ionyeshayo tarehe ya kuanza, aina ya kazi na mahali ilipofanyika, na tarehe ya kuacha, isipokuwa kama kazi haikufika majuma manne mfululizo. Mwajiri halazimiki kuandika sifa za mtu, lakini hati hiyo ni haki. Wengi huondoka bila kuidai, na miaka yao ya jasho ikabaki bila shahidi.

La nne ni kuandika mambo yasiyomhusu mwajiri. Sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 5, yakataza kumbagua mwombaji kwa asili yake, dini, jinsia, ulemavu, ujauzito, au hali yake ya virusi vya ukimwi. Hakuna sababu basi ya kutumia mistari hiyo michache ya thamani kutaja kabila, dhehebu, au idadi ya watoto.

LENGO LISIPOHITAJIKA

Haitakuwa haki kusema kwamba kila wasifu lazima uwe na lengo. Mtu aliyefanya kazi ile ile kwa miaka mingi, kama mwalimu wa miaka 15 aombaye shule nyingine, historia yake yatosha kuonyesha aendako. Huyo hufanya vema zaidi akiandika mahali pale muhtasari mfupi wa kazi zake kubwa, na waajiri wengi siku hizi waupendelea. Tena kazi nyingi za serikali huombwa kwa fomu maalumu zisizo na nafasi ya lengo.

Lengo lawafaa hasa watu wa namna tatu: aliyetoka shuleni au chuoni, ambaye bado hana historia ndefu, abadilishaye kazi, kama dereva ageukaye kuwa karani wa usafirishaji, na arudiye baada ya kukaa kando, kwa kulea watoto, kwa ugonjwa, au kwa safari. Hao watatu wana jambo moja sawa: mwajiri akisoma historia yao peke yake hataelewa kwa nini wameomba kazi hii. Lengo ndilo daraja kati ya walikotoka na waendako.

Na hata pale fomu isipokuwa na nafasi yake, kazi ya kulitunga haipotei. Majibu ya maswali yale manne ndiyo yatakayokuwa mwanzo wa barua ya kuomba kazi. Ndiyo pia yatakayomsaidia mtu siku atakapoketi mbele ya meza na kuulizwa, “Hebu tueleze, kwa nini tukuchukue wewe?” Wengi hubabaika kwa swali hilo kwa sababu walikuwa hawajajiuliza.

KABLA YA KUIPELEKA

Lengo likisha kuandikwa, lilazwe usiku mmoja, kisha lisomwe kwa sauti. Ulimi hugundua makosa ambayo jicho huyapita. Halafu apewe mtu mwingine alisome, si kwa kusifu, bali kwa kujibu swali moja: “Kwa maneno haya, mimi naomba kazi gani, na naweza nini?” Msomaji huyo akisitasita, mwombaji arudi kalamuni. Akijibu papo hapo, lengo limefika.

Mwombaji aendaye kupigiwa chapa katika duka la saiba achukue lengo lake mkononi, limeandikwa tayari, amwombe kijana wa kompyuta apige maneno hayo na si mengine. Kisha alisome tena kabla ya kulipa. Herufi moja iliyopotea katika mistari ya kwanza, au jina la kampuni nyingine lililosahauliwa humo, hutosha kumpotezea mtu kazi.

Hakuna ahadi itolewayo hapa kwamba lengo jema litamletea kila mtu kazi. Waombaji watakuwa wengi, na nafasi zitakuwa chache, na upendeleo haujakwisha duniani. Lakini kati ya mambo mengi yasiyo mikononi mwa mtafuta kazi, hili limo mkononi mwake, na gharama yake ni karatasi, kalamu, na saa moja ya kufikiri kwa unyofu. Atakayeitumia saa hiyo atajua walau jambo moja kabla mwajiri hajalijua: ni kazi gani aiwezayo, na ni nani aihitajiye. Naye aendapo kubisha hodi, hatakuwa ameshika maneno ya mtu mwingine.